Maswali ya Wasomaji: Tawi Lizaalo Hutambulikanaje?

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja. Wasomaji wa Tabata, Kariakoo, Mbagala na kwingineko jijini wameandika kwamba tangu mwaka uanze wamesikia mahubiri mengi juu ya sura ya 15 ya Injili ya Yohana, ambamo Bwana Yesu anajiita mzabibu na wafuasi wake matawi, na baadhi yao wametoka ibadani na hofu kuliko faraja. Nimeamua kuwaachia safu nzima, kwa sababu hapo ndipo Bwana alipotaja kusudi la kutuita: "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi, nami nikawaweka mwende mkazae matunda, na matunda yenu yapate kukaa." Mkristo asiyeelewa matunda hayo ni nini hajui aliitiwa nini, na atakubali kupimwa kwa kipimo chochote atakachowekewa mbele yake.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama mjane mwenye umri wa miaka 71, ninaishi Tabata. Niliimba kwaya ya akina mama tangu ujana wangu na nilikuwa mstari wa mbele katika kutembelea wagonjwa, lakini sasa magoti hayaniruhusu hata kupanda daladala. Usharikani kwetu tumeambiwa kila mmoja awalete watu watano kwa Yesu mwaka huu, na asiyefanya hivyo ni tawi lisilozaa, ambalo hukatwa na kutupwa motoni. Mimi kutwa niko barazani na wajukuu wangu wawili. Mtu mwingine ninayekaa naye ni mpangaji wangu, binti anayefanya kazi kiwandani, ambaye jioni huja kunieleza shida zake mpaka usiku. Sina mtu wa kumleta. Je, nimekwisha kukatwa? Na ugonjwa huu si ndiyo dalili yake?

JIBU: Amina, mama yangu, na shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa makini, na ningependa kuanza na kile ambacho sura yenyewe inasema, kwa kuwa hofu yako imetokana na jambo ambalo halimo ndani yake. Mwombe mjukuu akusomee taratibu kuanzia mstari wa 1 hadi wa 17, nawe utaona kwamba Bwana hataji idadi ya watu popote. Anachokitaja tena na tena ni kukaa: sisi kukaa ndani yake, maneno yake kukaa ndani yetu, na sisi kukaa katika pendo lake. Kisha anataja kuomba, kushika amri na furaha iliyotimizwa, na amri yenyewe anaitaja waziwazi: "Mpendane, kama nilivyowapenda ninyi." Aliyasema hayo usiku wa kuamkia mateso yake, wakati Yuda alikuwa amekwisha kuondoka mezani kwa hiari yake. Kwa hiyo ninaposoma habari za tawi linaloondolewa, anayenijia akilini ni mtu aliyekula pamoja na Bwana na kuushika mfuko wa fedha wa wanafunzi huku moyo wake ukiwa umehama zamani. Simwoni mama ambaye magoti yamemzuia kufika kwaya.

Simaanishi kwamba kuwaleta watu kwa Kristo si tunda. Katika sura ya 4 ya Injili hiyo hiyo Bwana anasema kwamba avunaye hukusanya matunda kwa uzima wa milele, na Kanisa lisilotamani kuona watu wapya wakimjua Mungu limepoa. Ninachokikataa ni kuigeuza idadi kuwa mizani ya kumhukumu nayo kila mtu, kwa maana idadi inaweza kufikiwa na mtu asiye na upendo hata chembe. Katika Mathayo 7 wako watu watakaojitetea siku ile kwa kutaja unabii, pepo waliotolewa na miujiza mingi waliyoifanya kwa jina la Bwana, nao wataambiwa kwamba hawakujulikana kamwe. Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya tunda la Roho alitaja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi, na katika hayo tisa hakuna hata moja linalohitaji magoti yenye nguvu.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umemtaja binti mpangaji kana kwamba ni habari ya kupita tu, lakini mimi nimemwona kuwa ndiye kiini cha barua yote. Katika jiji hili ambamo watu hupanga vyumba katika nyumba moja kwa miaka bila kufahamiana zaidi ya salamu, binti anayetoka zamu akiwa amechoka na kumkuta mtu mzima wa kumsikiliza bila kumkatiza, na bila kuyapeleka maneno yake kwa majirani, amepokea uvumilivu, utu wema na uaminifu. Zaburi ya 92 inasema juu ya wenye haki, "Watazaa matunda hata wakati wa uzee." Mtunga zaburi hakusema kwamba watakumbuka matunda waliyoyazaa walipokuwa vijana. Endelea kumpokea binti huyo, umwombee kwa jina, na akikuuliza ni nini kinachokupa utulivu, mwambie.

Kuhusu ugonjwa, wakulima wa zabibu kule Dodoma hupogoa mizabibu yao kila baada ya mavuno, na mgeni akipita shambani wiki ile hudhani shamba limekufa, kwa kuwa haoni kitu ila vijiti vikavu. Tawi lililopogolewa na tawi lililotupwa yote mawili yamepitiwa na kisu, na tofauti iliyopo ni kwamba moja bado limeshikamana na shina. Hata hivyo sitakuambia kwamba Mungu amekuletea maumivu ya magoti ili akusafishe, maana Bwana anapotaja kusafishwa kwa tawi lizaalo, mstari unaofuata unasema wanafunzi wamekuwa safi kwa sababu ya lile neno alilowaambia. Anasafisha kwa neno lake. Magoti yapeleke kwa daktari, na ukiona vema mwombe mzee wa kanisa akuletee Chakula cha Bwana nyumbani, kwa kuwa hiyo ni haki yako wala si hisani.

SWALI: Bwana asifiwe. Nina duka la jumla la vitenge na mashuka Kariakoo. Nilianza nikiwa machinga, nikitandaza bidhaa chini, na leo nina maduka mawili na nyumba Kimara. Ninatoa fungu la kumi bila kukosa, na nimechangia mabati ya kanisa letu. Mhubiri aliniita mbele akasema mimi ni mfano wa mti uliopandwa kandokando ya vijito vya maji, ambao kila alitendalo hufanikiwa. Mke wangu hakufurahi. Tulipofika nyumbani aliniambia kwamba vijana wanne wanaonifanyia kazi wana miezi mitatu hawajalipwa kikamilifu, na kwamba mzigo ukipotea huwa ninawakata wote bila kujua nani amehusika. Je, mafanikio haya si matunda ya imani yangu? Na mambo ya dukani yanaingiaje katika mambo ya kiroho?

JIBU: Ndugu yangu, ninakushukuru kwa kuyaandika maneno ya mke wako bila kuyapunguza, maana ungeweza kuyaacha na mimi nisingejua. Kutoka kutandaza bidhaa chini hadi kumiliki maduka mawili ni jasho la miaka, na kumshukuru Mungu kwa ajili yake ni haki. Swali lako, hata hivyo, ni kama jasho hilo na faida yake ndiyo matunda ambayo Bwana anayataka kwa mfuasi wake, na jibu langu ni hapana.

Zaburi ya kwanza aliyoitumia mhubiri haianzi na mti. Inaanza na mtu asiyekwenda katika shauri la wasio haki, ambaye sheria ya Bwana ndiyo impendezayo na ambayo huitafakari mchana na usiku. Mti unafuata baadaye, na mtu akiuchukua mstari wa tatu peke yake ameuchukua mti bila mizizi yake. Aliyeandika Zaburi ya 73 aliwaona waovu wakistawi, miili yao minene na mali zao zikiongezeka, na nusura miguu yake iteleze kwa kuwaonea wivu, hivyo kustawi hakuwezi kuwa alama ya kumtambulisha mwenye haki. Isitoshe, Bwana alipoufafanua mfano wa mpanzi katika Marko 4 aliitaja mali katika upande mwingine kabisa, akaiweka katikati ya miiba: "shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine" huingia na kulisonga neno, nalo halizai. Hakusema kwamba kila mwenye mali amesongwa. Alisema mali ina uwezo huo, na mwenye maduka mawili ana sababu ya kuyasikia maneno hayo kwa karibu zaidi kuliko mwenye meza moja.

Unauliza jinsi mambo ya dukani yanavyoingia katika mambo ya kiroho, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu nadhani wengi wetu jijini tumelipotosha jambo hili. Tumeyatafuta matunda ya Roho katika ibada, katika mikesha, katika kwaya na katika kamati za ujenzi, ilhali Maandiko yanayatafuta zaidi sokoni na barabarani. Yohana Mbatizaji aliwaambia makutano watoe matunda yapatanayo na toba, nao wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaongezea mfungo wala sadaka. Alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa, na askari aliwaagiza wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Isaya naye, karne nyingi kabla yake, aliimba habari za shamba la mizabibu ambalo mwenye shamba alilipalilia na kulijengea mnara, likamzalia zabibu-mwitu. Anapoeleza zabibu alizozitarajia Mungu zilikuwa nini, anataja haki, na anapoeleza zabibu-mwitu anataja dhuluma na kilio. Mstari unaofuata mara moja ni ole kwa wale waungao nyumba na nyumba na kuongeza shamba kwa shamba.

Naomba niseme ninavyoona baada ya kusikiliza watu wengi katika utumishi huu. Tunda la Mkristo huonekana kwanza mahali alipo na nguvu juu ya mtu mwingine, na mtu huyo hana pa kulalamikia. Ndiyo maana mwenye nyumba anajulikana kwa mpangaji aliyechelewa kodi, mama mwenye nyumba kwa msichana wake wa kazi, karani mwenye muhuri kwa mzee aliyetoka mbali kufuata hati, na mwenye duka kwa vijana wanaobeba marobota yake. Kanisani sisi sote ni wapole, kwa kuwa pale upole haugharimu kitu. Vijana wako wanne wanajua habari za imani yako kuliko mhubiri aliyekusifu, na Yakobo katika sura ya 5 anaonya kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Usidhani ninakutaka uchukie fedha. Fedha yenyewe inaweza kuwa tunda, na Paulo anaiita hivyo. Wakristo wa Makedonia na Akaya walipochanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, katika Warumi 15 aliuita mchango ule tunda, na Wafilipi waliomtumia msaada aliwaambia kwamba alichokitamani ni mazao yanayozidi katika hesabu yao. Zakayo aliposema atawapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya, Bwana alisema wokovu umefika nyumbani mwake siku ile. Huku kwetu pia tuna kumbukumbu hiyo. Uamsho ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia Bukoba, ulijulikana kwa watu waliorudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wamekana. Majirani wasioingia kanisani waliuona wokovu ule kwa macho, kwa kuwa ulikuja mlangoni na kitu mkononi.

Kwa hiyo lipa malimbikizo ya mishahara kabla ya kupeleka fungu la kumi linalofuata, sawasawa na agizo la Mathayo 5 la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Wape vijana mkataba wa maandishi wenye mshahara na siku ya kulipwa. Acha kuwakata wote kwa kosa lisilojulikana ni la nani, kwa maana hiyo ni hukumu bila ushahidi, na fanya hesabu ya mzigo kila jioni mbele yao ili upotevu ujulikane siku ile ile. Waombe radhi, mkiwa ninyi watano tu. Usilipeleke jambo hili kanisani kama ushuhuda, angalau kwa muda mrefu, ili lisigeuke kuwa sifa nyingine. Na umwambie mke wako kwamba amekusaidia kuliko mimi.

SWALI: Shalom, Mchungaji. Mimi ni dada wa Mbagala. Nina miaka tisa katika ndoa na sijajaliwa mtoto. Mama mkwe ameanza kuniita majina, lakini lililoniumiza zaidi ni kuambiwa na kiongozi wa kikundi chetu cha maombi kwamba tumbo langu limefungwa kwa sababu maisha yangu ya kiroho hayazai. Nimefunga na kuomba hadi nimedhoofika. Je, kuna uhusiano?

JIBU: Dada yangu mpendwa, hakuna, na aliyekuambia hivyo amekutwisha mzigo ambao Maandiko yanaukataa. Luka anapowatambulisha Zakaria na Elisabeti anasema kwanza kwamba wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, wakienda katika amri zake bila lawama, na hapo hapo anasema hawakuwa na mtoto. Ameyaweka mambo hayo mawili pamoja makusudi, nadhani, ili msomaji asije akaliunganisha moja na lingine kama huyo kiongozi wako alivyofanya. Isaya 56 inamkataza towashi kusema, "Mimi ni mti mkavu," kwa sababu Mungu anawaahidi watu wa namna hiyo, walishikao agano lake, ukumbusho nyumbani mwake na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Paulo hakuwa na mke alipoandika nyaraka zake, lakini alimwita Timotheo mwanawe. Bwana wetu mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumzaa, na ndiye mzabibu wa kweli.

Ninajua kwamba maneno hayo hayaondoi uchungu wa kila mwezi, wala sitaki kuyatumia kukunyamazisha. Hana, mama yake Samweli, alilia mbele za Bwana kwa ajili ya mtoto hadi kuhani akamdhania amelewa, na Mungu hakumkemea kwa kulia. Endelea kuomba mtoto ukitaka, lakini omba kama binti wa nyumba, bila kujitesa kana kwamba unalipa deni. Acha mfungo unaokudhoofisha mwili. Nendeni hospitali ninyi wawili pamoja, kwa maana sababu ya kukosa mtoto inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili, na si haki uchunguzi kuanza na kuishia kwako. Mume wako ndiye anayepaswa kuzungumza na mama yake. Ni mzigo wake, wala usiubebe wewe. Na kwa viongozi wa vikundi vya maombi wanaoisoma safu hii, ninawasihi kwa jina la Bwana: mtu akija kwenu analia, msimtafutie kosa la kueleza machozi yake.

SWALI: Ninaandika kutoka Kigamboni. Ikiwa tumeokolewa kwa neema, kwa nini mnasisitiza matunda? Si kuturudisha kwenye sheria?

JIBU: Soma Waefeso 2 bila kuishia mstari wa 9. Tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, na mstari wa 10 unaendelea kusema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Matendo hayo hayatuokoi, lakini tumeokolewa kwa ajili yake. Anayeikubali nusu ya kwanza na kuikataa ya pili amemkubali Mwokozi na kukataa kusudi la wokovu, na sijui jinsi mtu anavyoweza kuyatenga hayo mawili.

SWALI: Mchungaji, mimi ni mwinjilisti katika mtaa mmoja wa pembezoni, njia ya Chanika. Nimefanya kazi hapa miaka mitatu na washarika bado hawajafika ishirini, wengi wao wakiwa watoto. Wenzangu waliopangiwa mitaa mingine wanajenga. Nimeanza kujiuliza kama niliitwa kweli.

JIBU: Mwinjilisti, wewe unafanya kazi jirani na Pugu, na ninaomba uifikirie historia ya mahali hapo. Watawa wa Kibenediktini walifungua misheni pale mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilivamiwa na kuchomwa moto, baadhi ya watawa wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Historia ile ina mambo ya kuhuzunisha pande zote, kwa kuwa misheni zilikuja wakati ule ule Wajerumani walipokuwa wakiitwaa nchi, na watu wa pwani walikuwa na sababu zao za kupigana. Lakini mtu ambaye angesimama Pugu mwezi ule na kuangalia majivu asingeweza kusema kuna tunda. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, linalotazama bandari yetu, lilikamilika mwaka 1902, na leo waamini wa jiji hili, Wakatoliki kwa Walutheri, Waanglikana na wengine wote, hawahesabiki kwa urahisi. Waliozikwa mwaka ule hawakumwona hata mmoja wao.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Adrian Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi za karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, akasomea utabibu Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika akiwa tabibu na katekista. Alikaa hapo hapo Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuhamia mahali penye watu wengi zaidi. Alitibu na kufundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao, kwa zaidi ya miaka 60, na ninaposoma maneno "matunda yenu yapate kukaa" huwa ninamkumbuka yeye.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Wewe umepangiwa sehemu ya kupanda, na washarika wako wengi ni watoto, jambo ambalo nisingeliandika kama upungufu. Mwambie mkuu wa jimbo ukweli kuhusu idadi, usiipambe, na umwombe mwenzako mmoja awe anakutembelea, kwa kuwa upweke huo wa pembezoni ndio unaokufanya uutilie shaka wito wako.

SWALI: Mimi ni dereva wa daladala, njia ya Gongo la Mboto. Niliokoka mwaka jana. Asubuhi ninaamka nikiwa na amani, lakini foleni ikianza na abiria wakianza kelele, ninajikuta ninatukana kama zamani, na kondakta wangu ananicheka anasema, "Mlokole gani wewe?" Nimeweka nadhiri mara nyingi na nimezivunja. Matunda ya Roho yanakujaje kwa mtu kama mimi? Niache kazi hii?

JIBU: Kijana wangu, nadhiri zako zimevunjika kwa sababu umekuwa ukijaribu kuzaa, ilhali amri inayorudiwa katika Yohana 15 ni kukaa: "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Tawi haliwezi kuzaa lisipokaa ndani ya mzabibu, na Bwana anaongeza kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote. Hilo linahusu pia kufunga mdomo saa moja asubuhi Buguruni.

Kukaa huko si hisia ya amani unayoamka nayo. Bwana mwenyewe ameeleza kukaa huko kwa mambo yanayofanyika: maneno yake yakae ndani yako, uombe, uzishike amri zake, umpende ndugu. Chukua mstari mmoja usiku, uukariri, na uende nao barabarani wiki nzima bila kuubadilisha, kwa wewe ningeanza na Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira." Kabla ya kuwasha gari sali Sala ya Bwana kwa sauti, na kondakta akiwepo asikie. Ukitukana, usingoje Jumapili ili kutubu. Tubu pale pale kwenye kituo kinachofuata, na uliyemtukana akiwa bado garini, mwambie samahani. Kondakta wako ndiye mtu wa kwanza wa kumwomba radhi, kwa kuwa yeye husikia yote. Hatamcheka kwa muda mrefu mtu anayemwomba msamaha kwa dhati. Jiunge pia na jumuiya ya nyumbani inayokutana siku usiyoendesha, wala usijifiche humo. Waambie unachopambana nacho. Petro katika waraka wake wa pili anatuagiza tujitahidi kwa bidii yote kuongeza wema, maarifa, kiasi na saburi juu ya imani, kwa hiyo bidii ina mahali pake, lakini ni bidii ya mtu aliyekwisha kupokelewa. Mwaka mmoja ni muda mfupi. Kama zamani ulitukana bila kujua kwamba umetukana, na leo unaumia, Roho ameanza kazi yake.

Kuhusu kuacha kazi, wale askari waliomwendea Yohana Mbatizaji hawakuambiwa waache uaskari, na mimi sioni sababu ya wewe kuacha usukani. Chunguza lakini chanzo cha hasira yako, maana huenda sehemu yake si foleni. Madereva wengi wamenieleza kwamba hesabu wanayodaiwa na tajiri kila siku haipatikani bila kukimbiza gari na kugombania abiria. Kama ndivyo ilivyo kwako, mwendee tajiri wako siku ambayo hesabu imetimia, mkae mzungumze kiwango kinachowezekana. Akikataa, tafuta gari lingine taratibu, na umwambie kondakta mapema ili naye asije akakosa kazi ghafla.